Mstari wa Arobaini

Ukitaka kujua sheria ya ndoa pale Cimpunda, mtaa mmoja wa Bukavu, ulimwendea Adélaïde. Hakuwa wakili. Chuo alikiacha mwaka wa kwanza, mimba ya binti yake mkubwa ilipokataa kumsubiri. Lakini kwa miaka tisa alikuwa akifanya kazi katika shirika moja la wanawake huko Kadutu, na kazi yenyewe ilikuwa kusema. Alisema katika kumbi za parokia, alisema katikati ya makapu ya dagaa wa sambaza sokoni Nyamugo, alisema hata Luvungi, kule chini katika bonde la Ruzizi, ambako joto hukufanya ujute kuvaa viatu. Wanawake walimwita maman animatrice, yaani mama mhamasishaji. Jina hilo alilipenda, na mimi simlaumu, maana mjini humu wamejaa watu wenye vyeo vya bure, na chake alikitolea jasho.

Somo lake kubwa lilikuwa moja. Padri akiwabariki, ni vizuri. Ng'ombe wa mahari wakifika kwa baba yako, ni vizuri pia. Lakini kama wewe na mume wako hamjaingia katika ofisi ya état civil, ile ya serikali inayoandikisha ndoa, mkaandikwa kitabuni na karatasi yenu ikapigwa kashe, ule mhuri, basi siku atakapofumba macho wewe ni mgeni ndani ya nyumba uliyoisombea mawe. Sheria ya familia imerekebishwa kwa ajili yenu, aliwaambia. Mwanamke haombi tena ruhusa ya mume ili afanye biashara, na msichana anarithi sawa na mvulana. Ila sheria haitapanda mlima kuwatafuta, lazima muifuate iliko. Hapo wanawake walikuwa wakipiga makofi, na wengine wakainamisha kichwa, na kwa hao walioinamisha Adélaïde alijua mara moja kwamba nyumbani hakuna karatasi.

Alijua kwa sababu na yeye hakuwa nayo.

Miaka kumi na tisa alikuwa ameishi na Philémon, mchuuzi wa mchele, na ofisi ya komine, yaani manispaa, ya Kadutu ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, tena njia ya kuteremka. Ndoa ya kanisa walifunga, picha iko ukutani, Philémon ndani ya suti ya kuazima. Cheti cha parokia kilikaa ndani ya sanduku la vikwembe vyake vya kujifunga pamoja na kadi za ubatizo za Elodie na Gloire, binti zao wawili. Lakini état civil? Mwaka wa kwanza Philémon alisema wangoje mavuno. Mwaka wa tatu alisema karani aliyeko ni mla rushwa, wangoje abadilishwe. Karani akabadilishwa, akaja mwingine, naye Philémon akasema huyu ndiye balaa kabisa. Baadaye akawa anatania kwamba wataenda wasichana wakishakuwa wakubwa, wawabebee maua. Alikuwa mtu wa kucheka, hapigi, halewi, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mume mkali ungemshitaki kwa wazee; huyu mwenye kukuchekesha ukiwa na hasira utamshika wapi?

Basi Adélaïde akazoea. Mtu huzoea mwiba ikiwa anajua namna ya kukanyaga pembeni. Wanawake walipomuuliza juu ya sheria aliwajibu, na juu yake mwenyewe hakuna aliyewahi kumuuliza, mpaka siku ile ya Luvungi.

Ilikuwa mwezi wa tano, miaka miwili kabla ya msiba. Philémon alikuwa akienda Luvungi karibu kila mwezi kununua mchele, lakini juma lile alisema mgongo unamuuma, akabaki Bukavu. Adélaïde alifundisha siku mbili kwenye ukumbi wa shule ya msingi, wanawake sitini wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto. Alipomaliza, mwanamke mmoja kijana akanyosha mkono. Alikuwa na mimba changa na kikwembe cha manjano, na alikuwa ameandika kila neno kwenye daftari la kurasa thelathini na mbili. Akauliza kwa adabu, bila ubaya wowote:

"Na weye maman, mulienda ku état civil na bwana yako?"

Adélaïde angeweza kusema hapana. Angeweza kusema hapana, mimi pia bado napigana, na huenda lingekuwa somo zuri kuliko yote aliyowapa. Lakini wanawake sitini walikuwa wanamtazama kama mtu aliyefika ng'ambo, na aibu ikamshinda.

"Ndiyo," akasema. "Tulienda."

Wakampigia makofi. Yule kijana akaandika hata hilo.

Miezi miwili baadaye shirika lilikubaliana na komine kufanya sherehe ya ndoa za pamoja. Jozi arobaini za mume na mke wanaoishi bila karatasi wangeandikishwa bure, kwa siku moja, mbele ya burgumestri, mkuu wa komine, na kwaya. Orodha aliishika Adélaïde. Aliandika majina kwa kalamu ya buluu, mume na mke, mume na mke, vizee waliokwisha kuwa na wajukuu, vijana wenye mtoto mmoja mgongoni, mpaka akafika mstari wa thelathini na tisa. Wa arobaini akauacha wazi. Siku nne ulikaa wazi. Aliufunika kwa kiganja kila mtu alipoingia ofisini.

Jioni ya Jumatatu alimwambia Philémon kwamba iko nafasi moja, ni bure, ni Jumamosi, na waende tu. Philémon akakuna kidevu, akasema juma lile yuko Luvungi, mchele umeshafungwa kwenye magunia, ukikaa utaota. Halafu akacheka, akamuuliza kama kweli mwalimu atasimama kwenye foleni pamoja na wanafunzi wake. Na nitasema ukweli, kwa kuwa Adélaïde mwenyewe alikuja kuusema baadaye: moyo wake ulipumua. Angesimamaje mbele ya wanawake aliowagombeza miaka yote ile? Angewaambia nini? Siku ya Ijumaa akachukua rula, akapiga mstari mwekundu juu ya ule wa arobaini, akapeleka orodha komine. Jumamosi aliimba na kwaya na kugawa fanta, na watu wakasema maman animatrice amependeza.

Philémon alifariki miaka miwili baadaye, mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimeanza. Alianguka katika depo yake Nyamugo huku akipima mchele, na siku ya pili hospitalini madaktari wakasema ni tension, presha ya damu, iliyompasua kichwa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Adélaïde alilia kwa sauti ambayo majirani hawakujua anayo. Alikuwa anampenda, jamani, na karatasi haiongezi wala haipunguzi kitu hapo.

Kilio kilikaa siku saba pale nyumbani. Nyumba ile ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na mabati, juu ya kiwanja chao, parseli yenye ukuta wa mawe unaozuia udongo usiteremke. Mawe hayo aliyapandisha Adélaïde kutoka mtoni, mimba ya Gloire ikiwa na miezi sita, na mabati ya upande wa nyuma aliyanunua kwa mshahara wake. Kufuatana na desturi ya ukoo wa Philémon, mjane hukaa chini juu ya godoro, kitambaa kichwani, na mbele ya baraza la wanaume hasemi. Anayesema ni mkubwa wa ukoo, na mkubwa alikuwa Ezéchiel, kaka wa marehemu, mtu mwenye sauti ya upole na miwani ya kusomea anayoivaa hata kama hakuna cha kusoma.

Siku ya saba, kabla ya watu kunawa mikono na kutawanyika, mkubwa wa ukoo huuliza mara tatu: marehemu ameacha neno mahali? Ameacha mtu mahali? Mwenye kitu aseme leo, kesho mlango umefungwa. Mara nyingi watu hukohoa tu, kisha huletwa vinywaji. Ezéchiel akauliza mara ya kwanza. Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu hakungoja hata kidogo. Alitazama moja kwa moja upande wa lango, na hapo akasimama mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Alisema anaitwa Marcelline, ametoka Luvungi. Philémon alikuwa bwana yake. Philémon aliwaambia yeye na wazazi wake kwamba mke wa kwanza alikwisha kumwacha, akarudi kwao. Mtoto huyu ni wake, wa kiume, ana miaka miwili. Kisha akatoa katika mfuko wa plastiki karatasi iliyokunjwa vizuri, akaishika kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, na hapo macho yake yakateremka yakakutana na ya mjane aliyekaa kwenye godoro.

Adélaïde alimtambua kwa daftari. Lilikuwa ndani ya mfuko uleule.

"Maman animatrice?" Marcelline alisema polepole. "Ni weye? Lakini ulituambia mulienda. Nilikuuliza mimi mwenyewe."

Watu wakageuka wote. Ndani ya nyumba Elodie akaliweka chini sinia la vikombe. Ezéchiel akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Maman Elodie njo anajua sheria kutupita siye bote," akasema, kwa upole uleule. "Leo anaruhusiwa kusema. Atuambie yeye mwenyewe: hii karatasi iko ya kweli ao ya bongo?"

Wakampitishia karatasi mkono kwa mkono mpaka godoroni. Adélaïde aliisoma. Miaka tisa alikuwa ameshika karatasi za namna hiyo, alijua mahali pa kutazama: namba ya kitabu, majina, sahihi ya afisa, kashe. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Tarehe ilikuwa Alhamisi, kumi na nne ya mwezi wa saba, siku mbili kabla ya ndoa za pamoja. Alhamisi ile yeye alikuwa ofisini, kiganja juu ya mstari wa arobaini.

"Iko ya kweli," akasema.

"Na yako iko wapi?" Ezéchiel akauliza.

Maneno yote aliyokuwa amewapa wengine yalikuwapo, aliyasikia yakipita kichwani moja moja, lakini kila moja lilikuwa linamsimamia yule aliyesimama langoni. Adélaïde akairudisha karatasi, nayo ikapita mkono kwa mkono hadi langoni. Kisha Ezéchiel akatangaza kwamba ukoo unaheshimu sheria ya nchi, mke ni yule aliyeandikwa, mrithi ni mtoto wa kiume aliyeandikwa, na kwa kuwa mtoto ni mdogo yeye mwenyewe atakuwa msimamizi wa urithi. Maman Elodie atapewa muda hadi watoto wafunge shule kwa Noeli. Halafu vinywaji vikaletwa.

Clémence, wakili wa shirika, aliisoma nakala ya karatasi ile mara mbili, kalamu mdomoni. Huyu Clémence alikuwa rafiki, si mtu wa kukuzungusha, na ndiyo sababu Adélaïde aliogopa alipoona anachelewa kusema. Alimweleza kwamba ndoa ya mahari bado inaweza kutetewa mbele ya hakimu, mradi wapatikane mashahidi wa siku ya mahari kutoka pande zote mbili. Upande wa Adélaïde, baba alishafariki, lakini yuko mjomba. Upande wa Philémon alikuwako baba yake, naye ni marehemu, na alikuwako kaka yake aliyewasukuma ng'ombe njia nzima.

"Ezéchiel," Adélaïde alisema.

Clémence akageuza karatasi, akamwonyesha mstari wa chini ambao pale kwenye godoro machozi hayakumruhusu kuufikia. Shahidi wa bwana arusi, Luvungi: Ezéchiel. Sahihi yake ilikuwa nzuri, yenye mkia mrefu. Miaka miwili alikuwa akija kwa Adélaïde kila Pasaka, akila sombe yake na kuisifu.

Na wasichana? Wasichana sheria inawapa haki, Clémence alisema, sawa kabisa na yule mtoto. Ila ni lazima kwanza ijulikane kwa maandishi kwamba baba yao ni Philémon, na kadi ya ubatizo si maandishi ya serikali. Itabidi hukumu ya tribinali, na tribinali itataka kusikia ukoo wa baba. Mwaka mmoja, miwili, mitatu. Wakati huo nyumba itakuwa imekwisha kwenda.

"Tutajaribu," Clémence akasema.

Adélaïde alilijua neno hilo. Alikuwa analitumia yeye mwenyewe kwa wanawake waliochelewa, na alilitamka kwa sauti hiyohiyo, huku akiwashika bega.

Kabla hajaondoka ofisini, macho yake yaliangukia ubao wa matangazo. Ripoti ya mradi wa mwaka ule wa Luvungi ilikuwa bado imebandikwa pale, aliiandika yeye, wafadhili waliisifu. Wanawake kumi na mmoja, ilisema, waliandikisha ndoa zao muda mfupi baada ya mafunzo. Kulikuwa na picha. Kumi na mmoja wamesimama mstari mmoja mbele ya ukuta wa shule, kila mmoja na karatasi yake kifuani. Wa nne kutoka kushoto alivaa kikwembe cha manjano. Adélaïde ndiye aliyeibandika picha ile kwa pini nne, na alipita mbele yake kila asubuhi kwa miaka miwili.

Aliendelea na kazi, kwa kuwa wasichana walikuwa wanakula kwa kazi hiyo. Alifundisha Kadutu mara moja, akasema maneno yaleyale, na hakuna aliyemuuliza kitu. Cimpunda habari ilikuwa imeshaenea. Wanawake walimsalimu kwa huruma nyingi kupita kiasi, na yule mwanamke wa kona anayeuza makala ya kupikia, ambaye Adélaïde alimgombeza miaka mitatu juu ya état civil, sasa alimwongezea makala bila kuombwa. Hilo lilimuuma kuliko matusi.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili Marcelline akaja. Alikuja asubuhi, mtoto mgongoni, akapiga hodi kwenye nyumba ambayo kwa karatasi ilikuwa yake. Gloire akamwona kupitia dirishani, akataka kufunga mlango. Adélaïde akamwambia amwache aingie. Hakuwa na nguvu ya kumchukia. Alijaribu usiku mwingi, lakini kila mara alipofika kwenye chuki alikuta lile daftari, na lile swali lililoulizwa kwa adabu.

Wakakaa kwenye benchi moja, picha ya ndoa ikiwa juu ya vichwa vyao. Mtoto akashuka, akaenda kushika mguu wa meza. Masikio yalikuwa ya Philémon, hata ile ncha ya kushoto iliyokunjika. Marcelline hakuomba msamaha wala hakudai kitu. Alitoa karatasi nyingine katika mfuko uleule wa plastiki. Hii ilikuwa ya Kifaransa kutoka juu hadi chini, na Marcelline Kifaransa chake kilikuwa cha kusalimia tu. Alieleza kwamba Papa Ezéchiel alimpa aweke sahihi siku ile ya kilio, jioni, akisema ni ya kumtambulisha mtoto katika ukoo. Jana amemwambia arudi Luvungi, atamtumia kitu kidogo kila mwezi mpaka mtoto akue. Katika Bukavu hii hamjui mtu mwingine anayejua sheria. Ndiyo maana amekuja.

Adélaïde akasoma. Alisoma kwa sauti, akitafsiri kifungu baada ya kifungu, kama alivyokuwa akifanya kazini. Mjane aliyeandikishwa anakubali kwa hiari yake msimamizi aliyeteuliwa. Anaacha haki yake ya kukaa katika nyumba. Anampa msimamizi ruhusa ya kuuza parseli pamoja na vilivyo juu yake, kwa faida ya mtoto. Chini kulikuwa na sahihi ya Ezéchiel yenye mkia mrefu, na chini yake jina Marcelline, herufi moja moja, kwa mwandiko wa daftari. Kashe ilikuwapo.

Nje sauti za wanaume zilisikika. Ezéchiel alikuwa amefika na mnunuzi, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Shabunda, na walikuwa wanapima parseli kwa kamba, kutoka lango hadi ukuta wa mawe. Mnunuzi aliusifu ukuta. Aliuliza nani aliujenga, na Ezéchiel akajibu kwamba ni marehemu.

Marcelline alikuwa bado anaitazama karatasi mikononi mwa Adélaïde, kana kwamba ikisomwa tena itasema kitu kingine.

"Maman, mimi niliandikisha," akasema. "Nilifanya yote vile ulitufundisha. Sasa nilikosea wapi?"

Adélaïde aliipitisha tena macho karatasi ile, kisha ile ya ndoa ambayo Marcelline alikuwa ameiweka wazi juu ya magoti. Namba ya kitabu. Majina. Sahihi. Kashe. Alitafuta kosa kwa bidii yote aliyokuwa nayo, maana kosa lingekuwa kitu cha kushika, kosa hurekebishwa, kosa unaweza kulifundisha ili mwingine asilirudie.

"Hukukosea fasi yoyote," akamwambia.

Kwa mara ya kwanza alikuwa amemjibu mwanamke huyu ukweli. Marcelline akaitikia kwa kichwa, akafungua daftari, akakaa na kalamu mkononi akingoja aambiwe linalofuata. Nje kamba ilifika kwenye kona ya ukuta, na Ezéchiel akaita kwa sauti ya upole kwamba mtu ampelekee kiti mgeni.